Msizifunge shule shikizi eti kwa sababu watoto ni wachache

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongee na wakubwa wa elimu huku kwetu Iringa, na wa Njombe na Mbeya pia. Kuna maneno yanazunguka kwenye vikao vya vijiji kwamba shule shikizi, yaani vile vishule vidogo vya vitongojini vya watoto wa madarasa ya chini, zikiwa na watoto wachache ni hasara, bora wote wahamishiwe shule mama, ile shule kubwa ya msingi inayozisimamia. Mimi ni mzazi huku Kilolo na nasema hapana, huo uchache ndo faida yenyewe.

Mwanangu mkubwa alianzia shule mama. Dawati moja wanakaa wanne, mwalimu akimaliza kuita majina kipindi kimeshaenda nusu. Simlaumu mwalimu jamani, elimu bila ada ilipoanza 2016 watoto waliingia wengi na ni jambo jema kabisa, ila mwongozo wa serikali yenyewe unataka mwalimu mmoja kwa watoto 45 na wote tunajua madarasa yaliyovuka hapo yalivyo mengi. Daftari linarudi na tiki nyekundu juu mpaka chini halafu ukimwambia asome alichoandika hawezi, kafika la tatu anaitikia tu na wenzake.

Mdogo wake yuko shikizi ya hapa kitongojini, wako ishirini na kitu. Siku moja nimepeleka mchango wa uji nikasimama dirishani. Kuna katoto kamekwama kwenye kumi na tatu toa nane, mwalimu akachuchumaa pembeni ya dawati akakamwagia visoda, akakaambia ondoa nane. Kakahesabu kakaruka kimoja. Mwalimu hakukapa jibu, alikaambia rudia, gusa kila kimoja, mpaka kakapata. Baadaye ananiambia yule hesabu anaweza, sema nyumbani ni Kihehe tupu, namba za Kiswahili ndo zinamchanganya, na yule wa nyuma shida yake macho, nimemsogeza mbele na mama yake nimeshamwambia akampime. Kwenye darasa la watoto mia mambo kama haya nani atayaona?

Wamarekani kule Tennessee walilipima hili kuanzia 1985, chekechea mpaka la tatu, wengine madarasa ya watoto 13 mpaka 17 na wengine 22 mpaka 25, na wale wa madarasa madogo wakawazidi wenzao kusoma na hesabu. Na huko 25 ndo lilikuwa darasa kubwa.

Halafu tusisahau mtoto wa miaka sita kuvuka bonde na mto asubuhi ya mwezi wa saba, ukungu na baridi ya huku mnaijua.

Shida za shikizi zipo, sifichi. Mwalimu wetu ni wa kujitolea, wazazi tunamchangia mahindi na hela kidogo, kuna miezi tunachelewa, na akipata ajira kesho anaondoka watoto wanabaki. Hapo ndo pa kurekebisha, maana majengo serikali ilishaanza, 2021 zile fedha za UVIKO zilijenga madarasa 3,000 ya shikizi nchi nzima. Tunachoomba kwa mkurugenzi ni walimu wawili wa kuajiriwa kila shikizi, watoto wasome hapa hapa mpaka la tatu, wakishashika KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) na miguu imekomaa ndo waende shule mama. Kikao kijacho cha kata wazazi tunaingia na ombi hilo kwa maandishi.

Mzazi, Kilolo, Iringa