Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mlinganisho katika Hukumu za Mahakama

Ndugu Wanachama,

Mkutano Mkuu uliopita uliagiza kwamba vikao vyetu vya mwaka huu vijikite katika jambo moja, nalo ni jinsi majaji wanavyoamua shauri jipya kwa kulilinganisha na lililokwisha kuamuliwa. Agizo hilo limetekelezwa.

Muda mwingi tuliutumia kwa mashauri mawili. Katika shauri la Donoghue dhidi ya Stevenson, lililoamuliwa mwaka 1932 na Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu ya rufaa ya Uingereza wakati huo, mama mmoja aliyenunuliwa kinywaji cha tangawizi na rafiki yake mjini Paisley alidai kwamba ndani ya chupa ya kioo cheusi mlikuwa na konokono aliyeoza. Hakuwa na mkataba na muuzaji wala mtengenezaji, lakini majaji watatu kati ya watano walishikilia kwamba mtengenezaji ana wajibu wa uangalifu kwa mtumiaji wa mwisho. Miaka mitatu baadaye, katika shauri la Grant dhidi ya Australian Knitting Mills, daktari wa Adelaide alikuwa ameugua vibaya ngozi kutokana na kemikali iliyosalia kwenye nguo za ndani za sufu. Upande wa kiwanda ulijitetea kwamba chupa ile ilikuwa imezibwa, ilhali pakiti ya nguo muuzaji angeweza kuifungua. Baraza la Mfalme mjini London, ambalo zamani za ukoloni lilipokea pia rufaa kutoka Afrika Mashariki, lilikataa utetezi huo, kwa kuwa kasoro ilikuwa imefichika na bidhaa ilimfikia mtumiaji nayo kama ilivyotoka kiwandani.

Kwa maoni yangu, fundisho kubwa la mwaka liko hapo. Kinywaji na sufu havifanani hata kidogo. Kilichofanana ni sababu iliyoupa uamuzi wa kwanza uhalali wake. Wanachama wetu waliosomea sheria ya Kiislamu waliongeza kwamba ndivyo kiyasi, yaani mlinganisho katika sheria hiyo, kinavyofanya kazi, ambapo kileo kisichotajwa kwa jina hupewa hukumu ya mvinyo kwa illa, yaani sababu ya hukumu, ya kulevya, bila kujali rangi wala ladha. Jaji anayetaja mfanano bila kutaja sababu yake hajatoa hoja bado, na wakili anayekubali hukumu ya namna hiyo bila kuihoji anamnyima mteja wake haki.

Mjadala ulikuwa mkali zaidi tulipofika kwenye jinai. Ibara ya 22 ya Mkataba wa Roma wa 1998, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, inakataza tafsiri ya kosa kupanuliwa kwa mlinganisho, na mimi naunga mkono katazo hilo bila kusita, maana mtu hawezi kuadhibiwa kwa tendo ambalo sheria haikulitangaza kuwa kosa kabla hajalitenda.

Kamati inapendekeza kwamba mwaka ujao tusome hukumu za Mahakama ya Rufani ya Tanzania, hasa zile ambazo majaji walikataa kufuata uamuzi wa awali wakieleza tofauti iliyowazuia. Kila tawi litachagua hukumu moja na kuandaa uchambuzi wa maandishi kabla ya kikao cha kwanza.

Naomba kuwasilisha.