Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama wasubu wa metali, Lubumbashi

Ndugu wanachama, baba na mama, vijana wa atelye (karakana),

Hesabu za michango mweka hazina atawasomea mwenyewe. Mimi nataka tuzungumze juu ya mchanga mweusi wa kutengenezea kalibu, yaani umbo tunalomiminia metali, uliorundikana nyuma ya atelye zetu za mitaa ya Kenya na Katuba hapa mjini, huku tukiendelea kulipa lori lituletee mwingine.

Mchanga wenyewe haufi. Kinachokufa ni udongo unaoushikanisha. Alumini inayeyuka kwa nyuzi 660 za Selsiasi, shaba kwa 1,085. Metali iliyoyeyuka inapogusa kalibu, udongo huungua, na ukishaungua hata uumwagie maji haunati tena. Lakini kilichoungua ni ngozi tu. Vunja kalibu polepole utaona: ule uliogusa sufuria tuliyoisubu ni mkavu, unabanduka kama magamba, wa nyuma yake bado una unyevu, na ukiufumbata unashikana. Huo urudi kazini siku ileile. Ule wa magamba upondwe, upitishwe sumaku itoe misumari, kisha uchekechwe. Punje za alumini zinazobaki juu ya chekeche ni mali, zirudi kwenye tanuru. Vumbi laini litolewe, maana linaziba njia ya hewa na sufuria inatoka na matundu.

Kampuni moja ilitumwagia bure mchanga wake uliogandishwa kwa gundi. Waliouchanganya na wetu waliona kalibu zikibomoka kabla ya kumimina. Mchanga wa gundi ukae peke yake, hata ukiwa wa bure.

Ninalolihofia zaidi ni mchanga uliosubia mabushi (pete za mashine za kuzungushia ekseli) na mabomba ya shaba, kwa sababu mara nyingi una risasi, ile metali yenye sumu. Sisi tumekulia chini ya bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Tunajua uchafu wa metali hauondoki na mvua. Mchanga huo usimwagwe kwenye bustani za mboga wala uani watoto wanapocheza. Na vijana wanaochekecha wakati wa kiangazi wafunge pua, waulowanishe mchanga kidogo, wasimame upande upepo unakotoka. Vumbi hili likishakaa kifuani, ugonjwa wake hauna dawa ya kuuponya.

Leo tutapigia kura ghala la pamoja la mchanga wa shaba, lenye sakafu ya saruji na paa, lijengwe kabla ya mvua za Novemba. Mwenye kiwanja kilicho mbali na visima anione baada ya kikao.