Kwako uliyeniokolea wapiga mishale wangu

Jina lako sikuuliza, na hilo linaniuma. Siku ile ya mchezo wa vita vya mezani ulikuwa meza ya pili kutoka kwangu, ukanikuta nimewainamia wapiga mishale wangu wa Kiingereza, vile vinyago vidogo vya askari wa vita vya Agincourt, Ufaransa, vya 1415, nikiwapaka rangi ya fedha tupu kwenye deraya zao za pete, yaani mavazi ya vita ya pete za chuma. Waling'aa kama vijiko. Askari wa milimita 28, nami nachora pete moja moja kwa ncha ya brashi!

Hukunicheka. Ulichukua mmoja, ukaipaka deraya yake nyeusi, ukasubiri ikauke. Kisha ukachovya brashi kuukuu kwenye rangi ya fedha, ukaifuta kitambaani mpaka ikawa kama haina kitu, ukaipitisha juu juu tu. Pete zikajitokeza zenyewe, weusi ukabaki mashimoni. Kazi ya dakika chache, na mimi nilikuwa nimekesha usiku mzima kwa askari wanne.

Ukaniambia pia nipunguze uzito wa rangi kwa maji na nipake mara mbili. Tangu hapo nyuso zao zina macho, hazina uvimbe. (Msalaba mwekundu wa Mtakatifu George kifuani bado unanitoka umepinda, lakini hilo ni la mkono wangu.)

Asante sana, ndugu yangu. Kikosi kimetimia, watu 24, na yule uliyempaka wewe nimemweka mstari wa mbele. Brashi yako ninayo. Uliondoka kabla sijakurudishia.