Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Shughuli za Chama na Uamuzi Wetu Kuhusu Bunge Maalum la Katiba

Ndugu wajumbe wa Mkutano Mkuu, ndugu wanachama wenzangu,

Kwa niaba ya Kamati Tendaji nawasilisha taarifa ya mwaka. Shughuli za kawaida nitazipitia haraka, maana wengi mlikuwepo na muhtasari mmeshausoma. Tumeendesha semina 14 za elimu ya uraia katika kata 9, tumegawa nakala 600 za Katiba ya 1977, tumenoa wasaidizi wa kisheria 31 na kuhudhuria vikao 5 vya mkoa. Ofisi imepakwa rangi. Mashine ya kudurufu tuliyokuwa tukiazima sasa ni mali ya chama, na naomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba ufuatiliaji wake wa miezi saba ulifanywa na Mwenyekiti. Mapato yalikuwa sh. 11,640,000, matumizi sh. 10,975,000, bakaa sh. 665,000. Mchanganuo anao Mhazini.

Sasa niingie kwenye lile lililowaleta wengi leo.

Mwezi Machi Kamati ilikataa kutia saini waraka wa pamoja unaodai Bunge Maalum la Katiba, yaani chombo cha kujadili na kupitisha katiba mpya, liitishwe mara moja. Badala yake tuliandika waraka wetu, tukisema lisiitishwe mpaka Sheria ya Mabadiliko ya Katiba, Sura ya 83, irekebishwe. Tangu hapo, kwenye kundi letu la WhatsApp tumeitwa waoga, na wapo walioandika kwamba tumenunuliwa. Vitabu vya fedha viko mezani. Atakayeona senti iliyoingia kwa njia hiyo asimame aseme.

Kwanza ieleweke kwamba hatupingi katiba mpya. Katiba tuliyonayo ilipitishwa Aprili 1977 na wabunge waliokuwepo, waliogeuzwa kuwa Bunge la Katiba, na mwananchi hakuulizwa kwa kura. Imefanyiwa marekebisho 14, na viraka vina mwisho. Ibara ya 41(7) bado inaizuia mahakama yoyote kuchunguza uchaguzi wa Rais, mshindi akishatangazwa. Mgombea binafsi bado hana nafasi, ingawa Mahakama ya Afrika pale Arusha ilitoa hukumu Juni 2013 kwamba katazo hilo linavunja haki. Hayo mawili Bunge la kawaida likiamua lingeweza kuyamaliza kwa Ibara ya 98, inayoliruhusu kurekebisha Katiba. Suala la Muungano ndilo zito. Ibara ya 1 inasema Tanzania ni nchi moja. Katiba ya Zanzibar, kwa marekebisho yake ya 10 ya mwaka 2010, inaitaja Zanzibar kuwa nchi. Maandishi mawili yanayogongana hivyo hayasuluhishwi na mswada wa wiki mbili Dodoma. Yanahitaji meza kubwa ambayo pande zote zinaiheshimu, na meza hiyo ni Bunge Maalum. Hiyo ndiyo faida yake, na Kamati haikuisahau.

Tatizo letu ni sheria itakayoliitisha. Ikiitishwa meza ile kwa sheria ile, tutavuna yale ya Bunge Maalum la 2014.

Tazameni wajumbe walivyopatikana. Wabunge wote wa Muungano waliingia moja kwa moja, Wawakilishi wote wa Zanzibar vilevile, kisha Rais akateua 201 kutoka orodha za makundi: vyama vya siasa 42, asasi zisizo za serikali 20, taasisi za dini 20, taasisi za elimu 20, watu wenye ulemavu 20, wakulima 20, vyama vya wafanyakazi 19, wafugaji 10, wavuvi 10, na vikundi vingine 20. Katika Bunge la zaidi ya watu 600, walioingia kwa jina la mwananchi hawakufika hata theluthi moja, na hata hao walipita mkononi mwa mteuzi mmoja. Waliobaki ni watu ambao majimbo yao, viti vyao na posho zao vilikuwa ndani ya rasimu wanayoijadili. Rasimu ya Pili ya Tume ya Jaji Warioba, iliyokusanya maoni ya wananchi, ilipendekeza serikali tatu (ya Muungano, ya Tanganyika na ya Zanzibar), mambo ya Muungano yapungue kutoka 22 hadi 7, na Bunge la Muungano libaki na wabunge 75 tu. Mbunge kuulizwa kama anataka kiti chake kifutwe ni mtihani ambao sheria haikupaswa kumpa.

Halafu Tume. Ilikabidhi rasimu kwa Rais Desemba 30, 2013, Jaji Warioba akaiwasilisha bungeni Machi 2014, na Tume ikavunjwa. Wajumbe walipofungua Sura ya Kwanza na ya Sita, zinazobeba muundo wa Muungano, waliotembea nchi nzima kukusanya maoni hawakuwepo kueleza kifungu fulani kimetoka wapi. Kila upande ukabaki kudai kwamba wananchi walisema hivi au vile.

Kuhusu mamlaka, kifungu cha 25 kinalipa Bunge Maalum nguvu ya kujadili na kupitisha masharti ya katiba, lakini hakitamki wazi kama linaweza kuing'oa nguzo kuu ya rasimu ya wananchi. Mwanya huo ndio uliozaa mgogoro wote. Aprili 16, 2014 UKAWA, yaani Umoja wa Katiba ya Wananchi wa vyama vya upinzani, walitoka ukumbini, na sheria haikuwa na neno lolote la usuluhishi: hapakuwa na kamati ya maridhiano yenye meno, wala muda wa kusimama. Kikao kiliendelea.

Na kura. Majuma yalipotea kubishania siri au wazi, mwafaka ukawa kila mjumbe achague mwenyewe. Wanaojua uchaguzi wanaona kasoro hapo hapo: anayeomba karatasi ya siri mbele ya wenzake ameshajitangaza. Mwishoni kanuni zilibadilishwa ili hata walio nje ya nchi wapige kura, wakiwemo mahujaji waliokuwa Makka. Ili kifungu kipite, sheria ilitaka theluthi mbili ya wajumbe wote wa Bara na theluthi mbili ya wajumbe wote wa Zanzibar, kila upande peke yake. Zanzibar walikuwa 219, kwa hiyo zilihitajika kura 146. Zilipatikana kwa upenyo wa sindano, na mpaka leo wapo wasiozikubali. Katiba inayotakiwa kudumu miaka hamsini haianzi hivyo.

Katiba Inayopendekezwa, yaani hati iliyotoka Bunge Maalum, ilipita Oktoba 2, 2014. Kura ya maoni ilipangwa Aprili 30, 2015, ikaahirishwa mwezi huo huo kwa sababu uandikishaji wa wapiga kura kwa mfumo wa BVR, wa alama za vidole, haukuwa umekamilika. Haikupigwa tena. Hapa ndipo naomba wenye haraka watulie: hati ile haijakataliwa na wananchi, haijakubaliwa, wala haijafutwa. Ukiitisha Bunge Maalum jipya leo, linaanza na nini mezani? Rasimu ya Warioba, Inayopendekezwa, au karatasi nyeupe? Waraka tuliokataa kuusaini haukujibu swali hilo hata kwa mstari mmoja. Nilimwuliza mwandaaji wake mara mbili kwa maandishi. Sikujibiwa.

Wengi mmenitolea mfano wa Kenya. Nami naukubali, ila usomwe wote. Kongamano la Bomas la 2003 hadi 2004 lilikuwa na wajumbe 629 na lilipendwa sana. Rasimu yake ilibadilishwa baada ya kutoka Bomas, na Novemba 2005 wananchi wakaikataa. Chungwa, alama ya hapana, likaishinda ndizi, alama ya ndiyo. Kilichofaulu 2010 kilikuwa kidogo na chenye mipaka: Kamati ya Wataalamu, kisha kamati teule ya wabunge iliyokaa Naivasha, na sheria iliyosema Bunge halibadilishi neno bila asilimia 65 ya wabunge wote. Mapendekezo ya mabadiliko yalimiminika, hakuna lililofikisha idadi, rasimu ikaenda kama ilivyo, na Agosti 4, 2010 takribani theluthi mbili ya wapiga kura wakasema ndiyo. Pale kanuni za mchezo zilifungwa kabla ya mpira kuanza.

Ndiyo maana waraka wetu unataka sheria itamke hatma ya Katiba Inayopendekezwa. Idadi ya wabunge ndani ya Bunge Maalum ipungue na wajumbe wa makundi wachaguliwe na makundi yenyewe. Tume ibaki hai mpaka kura ya mwisho ya kifungu cha mwisho. Kura ya siri iandikwe ndani ya sheria, isiachwe kwenye kanuni. Na kifungu kikikosa theluthi mbili mara mbili, kipelekwe kwa wananchi kama swali la peke yake. Daftari la wapiga kura liwe tayari kabla ya tarehe kutangazwa. Sehemu ya Tume na ya kura niliiandika mimi, na nasimama nayo.

Wanaosema Kamati iliamua gizani, naomba wasikilize. Kikao cha Machi kiliitishwa kwa barua, kwa ujumbe wa simu na kwa tangazo ubaoni, siku 21 kabla. Wanachama ni 148. Walikuja 23. Akidi ni 50. Katiba ya chama chetu inaipa Kamati mamlaka ya kuamua jambo la dharura akidi ikikosekana, na mwisho wa kutia saini ulikuwa siku nne mbele. Baadhi ya wanaolalamika kwa sauti kubwa zaidi hawajatia mguu kwenye kikao chochote tangu uchaguzi wetu uliopita. Inauma kudai ushirikishwaji wa taifa zima wakati chama cha watu 148 hakijazi madawati ya darasa moja.

Ada nayo. Ni sh. 24,000 kwa mwaka, elfu mbili kwa mwezi. Wamelipa wanachama 61. Madeni ya nyuma yamefika sh. 5,300,000, karibu nusu ya mapato yetu ya mwaka. Semina tatu ziliahirishwa kwa kukosa nauli.

Mwaka ujao tunatarajia kufika kata nyingi zaidi, kuandaa kijitabu cha kulinganisha Rasimu ya Pili na Katiba Inayopendekezwa, na Mungu akijalia kupata kiwanja.

Kura ya kuidhinisha au kuukataa uamuzi wa Machi itapigwa baada ya chai. Itakuwa ya siri kwa kila mtu, karatasi ni za aina moja na sanduku liko nyuma ya pazia. Kwa mujibu wa kanuni zetu watapiga waliolipa ada tu. Mhazini atakaa mlangoni na kitabu cha stakabadhi mpaka saa nne na nusu.