Msiwaambie wasomaji wafute diski kabla hawajasoma kosa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nitoe dukuduku ambalo nimekaa nalo wiki mbili sasa, tangu ukurasa wenu wa teknolojia ulipoandika kuhusu mifumo huria ya kompyuta. Makala ile ilikuwa nzuri karibu yote. Ilieleza vizuri jinsi mtu mwenye kompyuta iliyochoka anavyoweza kuirudisha kazini kwa Linux au FreeBSD bila kununua leseni. Lakini kuelekea mwisho mwandishi akawaambia wasomaji kwamba mfumo ukigoma kuwaka, iwe ndiyo kwanza umesakinishwa au umeguswa mipangilio yake, basi wasipoteze muda: wafute diski, waanze upya. Ushauri huo ndio ulionifanya nishike kalamu. Niliwahi kuufuata, na mpaka leo unaniuma.

Mimi ni mtunza hesabu, sikusomea kompyuta. Niliweka FreeBSD kwenye laptopu ya zamani, ikanitumikia miezi minne bila usumbufu. Humo niliweka hesabu zangu, na pamoja nazo rekodi 11 za sauti ya mama akisimulia utoto wake. Siku moja nilitaka kuunganisha printa. Nikafungua faili la /etc/rc.conf, lile linalouambia mfumo huduma zipi ziwashwe kila kompyuta inapoamka, nikaongeza mstari mmoja chini kabisa:

cupsd_enable="YES

Utazame vizuri mstari huo, Mhariri. Alama ya kunukuu imefunguliwa, haikufungwa. Nilihifadhi faili, nikazima mashine, nikaenda kulala.

Asubuhi maandishi meupe yalipita kwenye skrini kama kawaida, kisha yakasimama. Mstari mmoja ulisema: Syntax error: Unterminated quoted string. Chini yake ukafuata mwingine: Enter full pathname of shell or RETURN for /bin/sh: na kishale kikabaki kinapepesa. Nilizima na kuwasha mara tano, na kila mara kikasimama palepale. Nikampigia fundi. Hakuniuliza skrini imeandika nini. Aliniambia nipige upya, yaani nifute diski na kusakinisha mfumo tena, ni kazi ya dakika ishirini tu. Nikapiga upya. Kweli, baada ya muda mfupi mfumo uliwaka ukiwa msafi kama siku ya kwanza, na printa ikachapa. Rekodi za mama hazikuwepo tena. Mama alipata kiharusi mwaka uliofuata na sasa hazungumzi.

Nilichokuja kujifunza baadaye ndicho ninachotaka wasomaji wako wakijue. Mstari ule wa kwanza ulikuwa umetaja kosa langu kwa jina: maneno yaliyofunguliwa kwa alama ya kunukuu hayakufungwa. Mstari wa pili haukuwa kilio cha mashine inayokufa. Mfumo ulikuwa unaniuliza nataka kuzungumza nao kwa programu gani, na kama sina chaguo basi nibonyeze Enter. Ningebonyeza Enter ningepata pa kuandikia amri. Katika hali hiyo diski hufunguliwa kwa kusomwa tu, kwa hiyo ukijaribu kusahihisha faili utakataliwa; ndiyo maana wengi hufika hapo wakadhani diski imeharibika. Unaandika mount -u / ili diski ikubali kuandikwa, kisha mount -a ili sehemu nyingine zifunguke nazo. Halafu ee /etc/rc.conf (ee ni programu ya kuhariri maandishi), unaongeza ile alama moja, unahifadhi, unaandika reboot. Haichukui dakika tatu. Mafaili yangu yote yalikuwa palepale muda wote niliokuwa nikizima na kuwasha.

Najua wapo watakaosema ningeweka nakala ya rekodi zile mahali pengine. Ni kweli na sibishi. Leo naweka nakala. Lakini asiye na nakala ndiye anayestahili zaidi ushauri wa kutulia.

Mafundi wengi tuliozoea kuwaendea wamelelewa na kazi ya kupiga windo, yaani kusakinisha Windows upya. Kompyuta ikiwa nzito, piga windo. Ikiingia virusi, piga windo. Siwalaumu, maana mteja anasubiri na mara nyingi njia hiyo inafanya kazi. Tatizo ni kuihamishia tabia hiyo kwenye mfumo wa jamii ya Unix, kama FreeBSD na Linux, ambao karibu mipangilio yake yote imo kwenye mafaili ya maandishi ya kawaida, unayoweza kuyafungua, kuyasoma na kuyasahihisha hata mfumo wenyewe ukiwa umewaka nusu. Kwenye FreeBSD, faili lile la rc.conf husomwa kama programu ndogo ya sh, ile programu inayopokea amri zako. Kwa hiyo unaweza kulikagua kabla ya kuzima mashine, kwa kuandika sh -n /etc/rc.conf. Ikikaa kimya, sarufi ya faili iko sawa. Ikisema neno, umeokoka. Tena ipo amri iitwayo sysrc ambayo inaandika mstari kwa niaba yako na kuziweka alama za kunukuu yenyewe: sysrc cupsd_enable=YES, basi. Tangu nilipoijua sijaongeza huduma kwa mkono tena.

Kuna makosa mengine ambayo kufuta diski hakuyagusi kabisa, na haya yanamchosha mgeni mpaka anakata tamaa. Mara ya kwanza kabisa niliposakinisha mfumo huu nilishinda usiku mbili na fleshi yangu. Inaanza kuwaka vizuri, kerneli, yaani kiini cha mfumo, inaorodhesha vifaa, halafu: Mounting from ufs:/dev/ufs/FreeBSD_Install failed with error 19. Kisha inabaki kwenye neno mountroot> ikisubiri. Nilipakua faili la kusakinishia upya. Nikaandika fleshi upya mara tatu. Nililinganisha namba ya SHA256, ile inayothibitisha kwamba faili halijaharibika, ya faili nililopakua na ile iliyotangazwa na watengenezaji, herufi kwa herufi, zikawa sawa. Kwa hiyo faili lilikuwa zima, na bado kosa lilirudi lilelile.

Usiku wa pili niliinuka nikaiacha skrini hivyohivyo. Niliporudi nikakuta mistari mipya imejitokeza chini ya mountroot>, imeanza na da0, na ndani yake jina la fleshi yangu. Nilikaa nikaitazama. Fleshi ilikuwa imechelewa. Kerneli ilifika mahali pa kuiomba ikiwa bado haijajitambulisha, ikaambiwa kifaa hakipo, na namba 19 ndiyo maana yake hiyo. Nikaandika alama ya kuuliza na kubonyeza Enter, ikaniorodheshea diski zote inazoziona, na safari hii fleshi ilikuwemo. Nikaandika ufs:/dev/ufs/FreeBSD_Install, Enter, na ile skrini ya buluu ya kusakinishia ikafunguka mbele yangu. Nilipiga makofi peke yangu chumbani.

Dawa ya kudumu ya fleshi ya namna hiyo ni kuiambia kerneli isubiri. Kwenye menyu ya mwanzo unachagua kwenda sehemu ya kuandikia amri, unaandika set kern.cam.boot_delay=10000, kisha boot. Namba hiyo ni milisekunde, yaani sekunde 10. Sasa niambie, Mhariri, mtu angefuta diski mara ngapi ndipo fleshi yake iwahi kujitambulisha?

Tena afutaye kwa hasira usiku wa manane anajiweka kwenye hatari nyingine. Katika mfumo huu diski ya ndani ya SATA huitwa ada0, na fleshi ya USB huitwa da0. Tofauti ni herufi moja. Amri ya dd, ambayo wengi wetu tunaitumia kuandika fleshi ya kusakinishia, haikuulizi mara mbili. Macho yakichoka, unaandika juu ya diski yenye kazi zako ukidhani unaandika fleshi. Nawasihi wanaoanza waangalie kwanza kwa geom disk list, wasome ukubwa wa kila diski, ndipo wabonyeze Enter.

Mwezi uliopita mpwa wangu alinijia na skrini nyeusi. Alikuwa ameweka draiva ya picha, yaani programu inayoendesha kifaa cha skrini, akaongeza kwenye rc.conf mstari wa kld_list="i915kms", akazima na kuwasha. Maandishi yanaanza, kisha giza. Alikuja na fleshi mkononi, tayari kufuta kila kitu. Nilimwambia, "Baba, weka hiyo fleshi chini kwanza." Tukawasha, kwenye menyu tukachagua namba 2, ile ya kuwaka kwa mtumiaji mmoja, ambapo rc.conf haitekelezwi. Tukaandika mount -u / na mount -a, tukaweka alama ya # mbele ya mstari ule ili mfumo uuruke, tukawasha upya. Mfumo ukarudi na kazi zake zote za chuo. Sababu yenyewe tuliipata kwa kutulia: pakiti ya draiva ilikuwa imetengenezwa kwa toleo la nyuma kidogo kuliko kerneli aliyokuwa nayo, na draiva za picha hazivumilii tofauti hiyo. Tuliitengeneza kutoka kwenye msimbo wake wa chanzo, ikalingana na kerneli, ikakubali. Nikamfundisha pia kujaribu draiva kwanza kwa mkono, kwa kldload i915kms, kabla ya kuiandika kwenye faili. Ikizima skrini, unawasha tu tena na mfumo unaamka bila hiyo draiva, kwa sababu haijaandikwa popote.

Waifai nayo ina kisa chake. Watu wengi wanaandika ifconfig, amri ya kuonyesha vifaa vya mtandao, hawaoni kifaa cha waifai, wanasema usakinishaji umeharibika. Katika matoleo ya sasa kifaa chenyewe hakionekani hapo mpaka ukitengenezee kiungo kiitwacho wlan0. Ukitaka kukiona, andika sysctl net.wlan.devices. Kama haikuorodhesha kitu, andika pciconf -lv utafute kifaa ambacho jina lake limeanza na none. Hicho hakina draiva iliyokichukua, na kufuta diski hakutaiumba. Kwa muda huo simu ya Android inayogawa intaneti kwa waya wa USB hutosha: kldload if_urndis, inatokea ue0, kisha dhclient ue0 ili ipate anwani ya mtandao. Mimi nilipakua pakiti zangu zote za mwanzo kwa njia hiyo.

Wanaotumia Linux nao wanayo mambo yaleyale kwa sura nyingine. Mstari mmoja wenye kosa ndani ya /etc/fstab, faili la orodha ya diski za kufunguliwa, unatosha kuipeleka mashine kwenye hali ya dharura, na hapo journalctl -xb itakuonyesha ni mstari upi uliokwama.

Na hata ikibidi kufuta, maana ipo siku inabidi, fleshi ileile ya kusakinishia inaweza kuwa gari la wagonjwa. Ile ya FreeBSD ina chaguo la kuutumia mfumo moja kwa moja kutoka kwenye fleshi bila kugusa diski. Ukiingia hapo, unafungua diski ya zamani kwa kusomwa tu, mfano mount -o ro /dev/ada0p2 /mnt, namba ya mwisho ikitegemea ulivyoigawa; kama ulichagua ZFS, mfumo mwingine wa kupanga mafaili kwenye diski, ni zpool import -f -o readonly=on -R /mnt zroot. Unachomeka fleshi nyingine, unahamisha mafaili yako. Ndipo ufute. Fundi niliyempigia siku ile angenipa sentensi hiyo moja tu, leo ningekuwa na sauti ya mama.

FreeBSD imekuwepo tangu 1993. Miaka yote hiyo watu wameandika mwongozo wake kwa kujitolea, kurasa za man, yaani maelezo ya amri, zimo ndani ya kompyuta yenyewe, hata bila intaneti, na ujumbe wa kosa unaoonekana kwenye skrini uliandikwa na mtu aliyekusudia usomwe. Naelewa kwamba umeandikwa kwa Kiingereza, na kwa wengi wetu hilo ni ukuta. Hapo ndipo gazeti la Kiswahili lingetusaidia kwelikweli. Chukueni ujumbe mmoja wa kosa kila wiki, mwandike kwa Kiswahili unasema nini, umetoka wapi, na mtu afanye nini kwanza. Anzeni na ule wa Enter full pathname of shell.

Na kabla ya hapo, naomba mchapishe marekebisho ya ushauri ule wa kufuta diski, katika ukurasa uleule wa teknolojia na kwa herufi za ukubwa uleule. Yupo msomaji ambaye ameshaikata makala ile na kuibandika ukutani karibu na kompyuta yake.

Wako katika kusoma,
Mtunza hesabu