Njia ya Tabora ilikuwapo kabla ya Speke

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako. Juzi mjukuu wangu wa darasa la sita aliniletea daftari la historia nimsaidie kazi ya nyumbani. Humo, pamoja na vema nyekundu ya mwalimu pembeni, mlikuwa na sentensi hii: "Speke aligundua njia ya kufika Ziwa Victoria." Ugomvi wa nani aligundua ziwa ni wa zamani, umenichosha. Lakini hata njia?

Speke, mpelelezi Mwingereza, alifika Mwanza tarehe 3 Agosti 1858 akitokea Kaze, Tabora ya leo. Habari za ziwa la kaskazini yeye na Burton, mwenzake wa safari, walizipata hukohuko Kaze kwa Snay bin Amir, mfanyabiashara Mwarabu. Safari ikamchukua siku kama 25. Anayekata njia porini hafiki kwa siku 25. Huyu alipita palipokwisha kukanyagwa.

Ukitaja misafara, wengi huona Waarabu na minyororo tu. Minyororo ilikuwapo, hatuwezi kuifuta. Lakini sehemu kubwa ya mizigo kati ya Tabora na Bagamoyo ilikwenda mabegani mwa wapagazi wa ujira, wengi wao Wanyamwezi na ndugu zao Wasukuma. Wanyamwezi walikuwa hata na misafara yao wenyewe ya pembe za ndovu, na kirangozi wao, yaani kiongozi wa msafara, mbele. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila 2, yaani kilo zaidi ya 30. Leo mfuko wa saruji wa kilo 50 tunaufuatia bodaboda hapo Buhongwa.

Na palikuwa na milima. Mwaka juzi nilikuwa kwenye basi la Dar, tukapita Gairo usiku. Kijana mmoja akafungua dirisha, na mama wa Magu aliyekaa mbele yangu akajifunika kanga hadi puani huku akilalamika kwa Kisukuma: "Mbeho!", yaani baridi Nikacheka peke yangu. Kusini mwa barabara ile ndiko iliko milima ya Rubeho, na Burton aliandika kwamba jina hilo ni la upepo. Mpagazi wa Kisukuma aliyeambiwa jina la mlima ule hakuhitaji mkalimani.

Burton na Speke waliupanda Septemba 1857, wote wawili wakitetemeka kwa homa. Burton mwenyewe anasimulia kwamba Speke alishikiliwa na watu wawili au watatu, yeye akatosheka na mmoja, wakawa wanapumzika kila baada ya hatua chache. Kileleni walifika baada ya saa kama 6. Nimesoma ukurasa ule mara nyingi nikitafuta majina ya hao walioshikilia. Hayamo. Aliyebahatika kujulikana katika msafara ule ni Sidi Mubarak Bombay, aliyefuatana na Speke hadi huku ziwani. Speke tumempa ghuba nzima ya ziwa, Ghuba ya Speke. Bombay hana hata kichochoro hapa mjini.

Mwaka 2006 nchi yetu ilipeleka UNESCO, kwa orodha ya awali ya urithi wa dunia, njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe, yenye vituo 6: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara (karibu na Tabora) na Ujiji. Kutoka Kwihara macho yamegeuzwa magharibi. Tawi la kuja Mwanza halimo, kana kwamba huku watu walishuka na mvua.

Ombi langu kwa jiji na kwa wahusika wa mambo ya kale si kubwa. Uwekwe ubao pale stesheni ya reli, maana reli ya kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928 ndipo safari ile ya miguu ilipopata mrithi. Uandikwe Kiswahili na Kisukuma, utaje Tabora, Rubeho na Bagamoyo, na neno "wapagazi" liwe juu kabisa, kwa herufi ambazo abiria aliyechelewa treni ataweza kuzisoma.

Sentensi ya daftarini nimemwachia mjukuu aisahihishe mwenyewe. Amefuta "aligundua", akaandika "alionyeshwa". Tunasubiri vema ya mwalimu.

Babu wa Igoma,
Mwanza