Shukrani kwa mzee wa Msamvu

Shikamoo mzee wangu, popote ulipo. Mimi ni yule refa kijana uliyemlipia nauli stendi ya Msamvu, Morogoro, usiku ule baada ya mechi. Jina lako sikulipata, basi lilikuwa linaondoka.

Posho ya mechi ile haikuwa imeingia, na za nyuma pia. Tunajigharamia nauli, chakula, hata viatu, kisha tunasubiri. Na kazi hii si kupuliza filimbi tu! Mtihani wa utimamu wa mwili wa FIFA kwa refa wa kati wa kiume ni mbio za mita 40 mara 6, kila moja isizidi sekunde 6, halafu mizunguko 10 ya uwanja: mita 75 mbio, 25 kutembea, bila kusimama. Huwezi kuufaulu kwa kushindia chai kavu.

Refa mwenye njaa ni rahisi kununuliwa. Ulilisema hilo mwenyewe huku ukihesabu noti dirishani pa kukatia tiketi. Namba yangu ukaikataa. Asante sana, baba. Nauli yako nimeiweka, ukisoma hapa nitafute.